Daudi wa Kisauni, Daudi wa Likoni

Kondakta wa matatu iliyovuka Daraja la Nyali haiti Frere Town. Anaita "Kengeleni!", na abiria wa Kisauni wanajua ni wapi: pale njia panda ilipotundikwa kengele ya zamani, bodaboda zikiwa zimejipanga pembeni na wauza madafu wakishindana na honi. Kengele hiyo ni ya watu waliokombolewa utumwani na kuwekwa hapo Frere Town, na wazee husimulia kwamba ilipigwa kuwatahadharisha wenyeji kila walipoonekana wawindaji wa watumwa. Karibu na hapo lipo Kanisa la Emmanuel. Katika karne ya 19 watu wa mahali hapa walikuwa na majina ya ukoo ambayo majirani zao wa Kongowea na wa Mji wa Kale hawakuwa wamezoea kuyasikia: Jones, Semler, Wellington, David.

David lilikuwa na ajabu yake, kwa sababu jirani Mwislamu alilijua siku zote. Alilijua kama Daudi, jina la mtume aliyeteremshiwa Zaburi, jina lililokwisha kuvuka bahari na kufika Mombasa kabla Mzungu yeyote hajajenga kanisa Kisauni. Jina moja la Kiebrania lilikuwa limefika mara mbili, kwa vyombo viwili tofauti, na watu waliolibeba hawakutambuana.

Kwa Kiebrania jina hili huandikwa kwa herufi tatu tu, dal, wau na dal kama angesema mwalimu wa chuoni, na wataalamu wengi hulieleza kuwa ni "mpendwa". Aliyelipa umaarufu ni mfalme aliyetawala Yerusalemu yapata miaka 1000 kabla ya Kristo. Katika Biblia nzima hakuna mwingine anayeitwa hivyo. Akina Yohana wako kadhaa, akina Yusufu vilevile, lakini Daudi ni mmoja. Katika Qurani ametajwa mara 16. Na mwaka 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kipande cha jiwe la karne ya 9 kabla ya Kristo chenye maandishi ya Kiaramu ambayo wasomi wengi wanayasoma kuwa yanataja nyumba ya Daudi, yaani ukoo wake. Tangu zama hizo, basi, jina lilikuwa limeshaanza kazi ya jina la ukoo.

Kazi hiyo limeifanya kila lilikokwenda. Wayahudi wana Ben-David. Wales, ambako Mtakatifu David ndiye mlinzi wa taifa na sikukuu yake ni Machi 1, kumejaa akina Davies. Waingereza na Waskoti wana Davis na Davidson. Waarmenia wana Davtyan, Waturuki wana Davutoğlu. Hata Dawson ni mwana wa Daw, na Daw ni kifupi cha David. Kwa hiyo Dawson Mwanyumba, Mtaita aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Kenya huru, alikuwa amembeba mfalme wa Yerusalemu ndani ya jina lake. Majina yote hayo yanasema jambo moja: mwenye jina hili ametoka kwa Daudi. Yupo mzee aliyeitwa hivyo, na huyu ni wa kwake.

Ukivuka kivuko kwenda Likoni, jambo hilo halihitaji maelezo. Pwani ya Waswahili na Wadigo mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Tuseme Daudi Athumani wa Mtongwe amezaa Bakari. Huyo ni Bakari Daudi Athumani. Bakari akimzaa Hamisi, mtoto ni Hamisi Bakari Daudi. Hamisi naye akipata mwana wa kiume akamwita Juma, basi ni Juma Hamisi Bakari, na Daudi ameshatoka, labda arudi kwa mlango wa mbele, mjukuu au kitukuu anapopewa jina la babu. Jina linakaa na watu vizazi vitatu na kupisha wengine. Ndiyo maana huko Likoni mtu akiulizwa "wewe ni Daudi wa nani?" hajibu kwa jina la ukoo la kudumu, anataja baba, anataja babu, anataja mtaa, na kabla hajamaliza muulizaji amekwisha kumjua.

Daudi si jina linalovuma huko kama Suleiman, Ibrahim au Yusuf, ingawa yote yametoka kapu moja. Suleiman ndiye mwana wa Daudi katika vitabu, na Mombasa amempita baba yake kwa mbali. Suleiman bin Ali al-Mazrui alikuwa mtawala wa Mombasa miaka ya 1820. Suleiman Shakombo alikuwa mbunge wa Likoni kuanzia 1997. Hakuna anayewaza kwamba hayo ni majina ya Kiebrania. Yamepita katika Kiarabu, yamekaa madrasa, yamesomwa maulidini, na kwa mwenye nayo ni majina ya Kiislamu na ya nyumbani. Huo ni ukweli kamili na haupunguzwi na historia ndefu iliyo nyuma yake.

Kisauni mambo yalikwenda vingine.

Juni 5, 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, baada ya kushinikizwa na Waingereza. Mjumbe aliyekuwa ametumwa kwa shughuli hiyo ni Sir Bartle Frere. Mwaka uliofuata shirika la wamisionari la CMS likamtuma William Salter Price aje Mombasa kutafuta mahali pa kuwapokea watu waliokuwa wakitolewa majahazini na manowari. Ardhi ilinunuliwa Kisauni mwaka 1875, kijiji kikapewa jina la Frere, ndiyo Frere Town, na mwaka huohuo mamia ya watu wakateremshwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wengi wao watoto. Wale walioshuka hivyo waliitwa mateka.

Walikuta wenzao wametangulia. Price aliwahi kufanya kazi India, ambako aliendesha makao ya watoto wa Kiafrika huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, si mbali na Bombay. Watoto hao nao walikuwa wametolewa majahazini na jeshi la wanamaji la Uingereza, ila wao walipelekwa India kwa kuwa Afrika Mashariki hapakuwa na pa kuwaweka. Walifundishwa kusoma, uhunzi, useremala, na Kiingereza. Walibatizwa. Na walipewa majina kamili, la kwanza na la ukoo, kama Waingereza. Walipoanza kurudishwa huku kuanzia miaka ya 1860, kwanza kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann kwenye kituo cha misheni cha Rabai, pwani ikawaita Wabombay.

Matthew Wellington alikuwa mmoja wao. Kwao, kwa Wayao, aliitwa Chengwimbe. Alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya mmisionari David Livingstone hadi pwani, akaishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. George David alikuwa mwingine. Alihudumu Rabai kama mwalimu wa dini na kuwafuata Wagiriama wa Godoma. William Henry Jones, Myao pia, alifika Rabai mwaka 1864 pamoja na Ishmael Semler, na mwaka 1885 wote wawili wakapewa daraja la ushemasi na Askofu James Hannington.

Sasa yaangalie majina hayo kwa macho ya mtu wa Likoni. David kama jina la ukoo: baba yake, au babu yake, ni Daudi. Jones vilevile; hilo ni jina la Wales lenye maana ya mwana wa Yohana, na Yohana ni Mwebrania kama Daudi. Lakini baba yake George David hakuwa Daudi, wala baba yake William Jones hakuwa Yohana. Baba zao walikuwa wanaume wa bara la kusini, kando ya njia za misafara, na majina yao yalikatika siku mtoto alipokamatwa. Mahali pa jina la baba, mamishenari waliweka jina la baba wa mtu mwingine. Hilo ndilo lililolitofautisha jina la Kiebrania la Kisauni na majina ya Daudi tuliyoyataja: huko lilitaja mzazi, hapa liliziba nafasi ya mzazi aliyepotea.

Wapo wanaodhani kwamba watu wa Frere Town walijitia Uzungu kwa majina hayo. Hilo ni kuwaonea. Mtoto wa miaka saba au minane aliyetekwa, akauzwa, akapakiwa jahazini, akapelekwa India, hakuketi kuchagua jina. Alipewa. Alipokuwa mtu mzima aliliheshimu, akalijenga, akawapa watoto wake, kwa sababu hakuwa na jingine la kuwarithisha ambalo daftari lingelitambua.

Yako yaliyotokea mwaka 1885 yanayoonyesha jinsi watu hao walivyoyajua majina ya Kiebrania kwa undani. Hannington aliondoka Rabai kuelekea Uganda kupitia Umasaini, Jones akiwa msaidizi wake. Walipofika kwa Sundu, Mumias ya leo, askofu akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wachache. Oktoba 29 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Jones alingoja, habari zikafika, na ikawa juu yake kuwarudisha pwani mamia ya maili watu wenye njaa na majonzi. Mapema mwaka 1886 msafara uliingia Rabai. Mbele yake ilipepea bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa kitambaa cheupe: Ichabod.

Ikabodi yumo katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Ni mtoto aliyezaliwa siku ya msiba. Baba yake, Finehasi, ameuawa vitani, babu yake amekufa kwa mshtuko wa habari, na mama yake anampa jina hilo, lenye maana kwamba utukufu umeondoka, kisha naye anakata roho. Katika majina yote ya Kiebrania ambayo Jones angeweza kuyashona kwenye bendera, alilitwaa la yatima. Alimlilia askofu wake, hilo ni wazi. Lakini aliyefikiri jina hilo ni mtu aliyenyang'anywa wazazi wake mwenyewe, na msomaji wa leo anayeijua habari yake hawezi kulipita haraka.

Majina yaliandikwa tena Januari 1, 1889. Misheni za Rabai na jirani zake zilikuwa zimewahifadhi watumwa watoro kwa miaka, na wenye watumwa wa pwani wakadai mali yao, hata vita ikakaribia. George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki akaamua kuwalipa fidia wenye watumwa, na siku hiyo watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa wengi wao ndiyo iliyokuwa karatasi ya kwanza maishani yenye jina lao. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907.

Si wote waliokuja kwenye jina la David kwa njia ya Nasik. David Koi, kiongozi wa Wakristo na watumwa watoro wa kijiji cha Fuladoyo, aliuawa mwaka 1883 katika uhasama huohuo wa watumwa watoro, na CMS walimhesabu kuwa mfiadini. Yeye David lilikuwa jina la ubatizo mbele ya jina lake la kwao, hakuna kilichozibwa. Isaac Nyondo wa Rabai, aliyemwongoza Rebmann kipofu hadi Ujerumani mwaka 1875 kisha akarudi nyumbani, ni hivyohivyo: Isaka mbele, Nyondo nyuma. Abdallah Susi, mtumishi wa Livingstone, alibatizwa Unguja mwaka 1886 akawa David Susi, akichukua jina la bwana wake wa zamani. Mijikenda na wengine waliokuwa na makwao walitanguliza jina la Kiebrania na kulifungia la ukoo nyuma, na mpangilio huo ndio uliokuja kushinda Kenya nzima. Angalia Kisauni yenyewe: Emmanuel Karisa Maitha alikuwa mbunge wake hadi alipofariki mwaka 2004, akafuatwa na Anania Mwaboza. Majina mawili ya Kiebrania mbele, Karisa na Mwaboza nyuma, na mpiga kura akijua bila kuuliza kwamba wote ni Mijikenda.

Mtu mwenye David nyuma hakuwa na ulinzi huo wa jina la kwao. Sheria ya kipande, kitambulisho cha enzi ya ukoloni, ilitungwa 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, na kipande kilitaka jina, kabila na alama za vidole. Mtu wa Frere Town aliyepanga foleni mbele ya karani alijua jina na alikuwa na vidole. Kabila ndilo lililokuwa na taabu. Baba Myao, mama Mmakua, amezaliwa Kisauni, lugha yake Kiswahili, jina lake la ukoo la Kiingereza lenye mizizi ya Yerusalemu: aandikwe nani? Swali hilo liliwafuata wajukuu zao hadi kwenye kitambulisho cha Kenya huru, na kwenye ardhi pia, kwa sababu anayedai shamba pwani huulizwa kwanza ni wa ukoo gani.

Ipo familia moja iliyoponyoka. Babu alikuwa Myao aliyeokolewa njiani akipelekwa sokoni, akatua Frere Town, na jina lake Mbotela halikufutwa. Mwanawe James Juma Mbotela aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934, na mpaka leo ndicho kinachosimulia kuzaliwa kwa Frere Town kwa kauli ya watu wake wenyewe. Mjukuu, Leonard Mambo Mbotela, alizaliwa hapohapo mwaka 1940, na sauti yake ikajulikana kila nyumba yenye redio kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? hadi alipofariki Februari 2025. James mbele, Leonard mbele. Nyuma, vizazi vitatu, jina la Kiyao. Kwa wengine walioshuka gati ileile, bahati ya kuhifadhi jina ilitegemea tu nani alishika kalamu siku hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu kalamu hiyo. Biblia ya Kiswahili, tangu tafsiri ya Kimvita iliyokamilika 1914 hadi ile ya Muungano ya miaka ya 1950, husema Daudi. Mkristo wa Kisauni akiomba Zaburi, ni Zaburi ya Daudi, jina lilelile analolitamka jirani yake anayerudi msikitini Kongowea. Mamishenari hawakuhitaji kuazima kitu, walilikuta limeshakomaa kinywani mwa Waswahili. Ila shuleni na kwenye cheti cha ubatizo liliandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo sababu mzee mmoja anaweza kuwa Daudi kwa mkewe na kwa wazee wenzake wa kanisa, na David katika kila karatasi yenye muhuri, na ni karatasi inayorithiwa.

Changamwe ndiko jina hili linakozaliwa upya. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na bandari, kiwanda cha kusafishia mafuta na viwanda vidogo vikavuta watu: Wataita, Wakamba, Waluhya, Waluo. Walikuja na majina ya Agano la Kale yaliyopandwa kwao na Waanglikana, Wakweka na Waadventista. Mitaa ya Magongo, Chaani na Mikindani imesheheni akina Ezekiel, Meshack, Nehemia, Elijah na Obadia. Baadhi ya majina hayo yalisafirishwa na watu wa Kisauni wenyewe, maana walimu wa kwanza wa CMS kwenda Taita na bara walitoka Frere Town. Hata chuo cha wachungaji kilichokuwa hapo ndicho kilichohamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Wapo waliolikataa kabisa pendo hilo la majina ya Kiebrania. Jaramogi Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah, majina mawili ya Kiebrania kwa mpigo. Akayaacha, na alipowapeleka watoto wake kubatizwa kwa majina ya mababu wa Kiluo akagombana na kanisa. Lakini kizazi cha sasa cha Changamwe hakigombani na mtu. Kijana aliyezaliwa Chaani, ambaye kijijini kwao amekwenda kwa mazishi tu, humwandikisha mtoto kwa jina lake mwenyewe la kwanza. Baba ni David, mtoto ni Brian David au Mercy David, na jina la babu wa Kiluhya linabaki katikati au linadondoka. Katika mji ulioonja ghasia za Likoni za 1997, watu wa bara walipofukuzwa kwa majina na lafudhi zao, si vigumu kuelewa kwa nini mzazi anaona raha na jina lisilotaja kabila. Kilichowasumbua watu wa Frere Town mbele ya karani kimekuwa, kwa baadhi ya watu, kinga.

Pasipoti nayo ina kauli yake. Vijana wa Likoni na Kisauni wanaokwenda Qatar, Saudia na Dubai kwa kazi za hoteli, ulinzi na nyumbani huulizwa jina la ukoo, na la mwisho kwenye kitambulisho ndilo linalochukuliwa. Hamisi Bakari Daudi akifika Doha ni Bwana Daudi, jina la babu yake, na benki na mwajiri hawatamwita vingine. Mwenzake wa Kisauni, tumwite Peter David, yumo kwenye ndege hiyohiyo. Karani wa viza huandika majina yao kwa Kiarabu. La Hamisi analijua tangu utotoni: dal, alifu, wau, dal, karibu sawa na herufi za Waebrania. La Peter analifuata kama linavyosikika kwa Kiingereza: dal, ya, fa, ya, dal. Kwenye orodha ya wafanyakazi wanapangwa mbali, na msimamizi Mwarabu anayemsalimu Hamisi kwa jina la mtume wake humuuliza Peter jina lake limetoka nchi gani.